Gari lililotumika hununuliwa mara mbili

Kila anayejua kwamba napenda magari huniuliza swali lile lile: "Nina pesa kiasi hiki, ninunue gari gani?" Kabla sijataja gari lolote, namuuliza: katika hizo pesa, ngapi zitabaki ukishakabidhiwa funguo? Wengi hujibu kwamba hakuna kitakachobaki. Basi tunaanzia hapo, maana gari lililotumika hununuliwa mara mbili. Kwanza unamlipa aliyekuwa nalo. Kisha, ndani ya mwaka mmoja, unamlipa fundi na muuza spea kwa yote ambayo mwenzako aliyaahirisha.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Gari langu la pili lilikuwa sedani kubwa ya injini ya silinda 6, viti vya ngozi na saspensheni ya hewa, yaani lilibebwa na mipira iliyojazwa hewa badala ya springi za chuma. Lilipotoka kiwandani lilikuwa gari la matajiri. Miaka 12 baadaye lilikuwa linauzwa sawa na kigari kidogo cha miaka 4. Nililipenda mno, nikamaliza akiba yote. Mwezi wa tatu niliamka nikalikuta limelala upande mmoja wa mbele kama ng'ombe aliyepiga goti. Mpira wa hewa unaobeba kona ile ulikuwa na ufa mdogo tu. Kwa kuwa sikuwa na pesa ya mpira mpya, niliendelea kuliendesha hivyo hivyo. Kompresa, yaani pampu ya kujaza hewa mipira hiyo, ambayo imeundwa kufanya kazi kidogo na kupumzika, ikawa inasukuma hewa mfululizo kufidia inayovuja, hadi ikaungua. Spea moja ikazaa ya pili, na gari likakaa miezi 5 chini ya turubai.

Ndipo nilipoielewa hesabu isiyoandikwa kwenye tangazo. Thamani ya gari hushuka kwa kasi miaka ya mwanzo, kisha huendelea kuteremka polepole. Spea zake haziteremki nayo. Gari likifika robo ya bei yake ya awali, turbo, kompresa na giaboksi yake bado ni vya gari la kifahari, na fundi anayeliweza bado anajua thamani ya kazi yake. Kwa hiyo anayeweza kulinunua hana hakika ya kuweza kulitunza. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Siku hizi nazigawa pesa zangu mafungu manne. Matatu ni ya kununulia gari, la nne haliguswi hadi gari liwe kwangu. Nikiona gari linalotaka mafungu yote manne, hilo si gari langu, hata liwe zuri vipi. Kwa mkopo nina ukali zaidi: miezi ya kumlipa aliyekukopesha na fundi kwa pamoja ndiyo inayowafanya watu waruke sevisi, na gari linaloruka sevisi halikawii kudai.

Siku ya kulikagua, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini iliyopoa haina pa kujificha: mlio wa cheni ya taimingi (inayofanya valvu zifunguke kwa kufuatana na mwendo wa pistoni) iliyolegea husikika katika sekunde zile za kwanza, na moshi wa bluu unaotoka mara tu injini inapowaka hukuambia kwamba oili inapenya kwenye silinda. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto, wenye harufu ya utamu, ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayoungua, na hapo gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya injini na kichwa chake) ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mvuke mwembamba wa asubuhi ya baridi ni kitu kingine, usikutishe.

Kisha pima kwa kompyuta, lakini usiridhike kwa kuambiwa hakuna kosa. Makosa hufutwa kwa dakika moja. Mwambie fundi aangalie kama gari limeshamaliza kujipima lenyewe; makosa yakifutwa, vipimo hivyo huanza upya na huhitaji muda barabarani kukamilika. Vipimo kadhaa vikiwa bado havijakamilika na betri haijafunguliwa karibuni, kuna mtu amefuta kitu kabla yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ila hapa kitakachokufa kitakuwa mikononi mwako.

Kilomita zinawasumbua watu kuliko zinavyostahili. Gari lililotembea kilomita 200,000 za safari ndefu na kubadilishwa oili kwa wakati linaweza kuwa na injini yenye afya kuliko lenye 60,000 za safari za dakika tano tano, ambapo injini haipati joto la kutosha na petroli na maji hujikusanya ndani ya oili. Tena mita hurudishwa nyuma. Mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma haulingani na kilomita 60,000, wala usukani uliong'aa kwa mikono. Soma pia matairi: tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018.

Fungu la nne lina kazi yake tangu wiki ya kwanza. Oili na filta, kulanti, na oili ya breki, ambayo hufyonza unyevu na ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka ibadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Injini ikiwa ya mkanda wa taimingi badala ya cheni, na hakuna karatasi inayothibitisha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa. Katika injini nyingi mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu, na bei ya mkanda inageuka bei ya injini.

Je, tuyakimbie magari tunayoyapenda? Hapana. Tuyanunue tukiwa na gari jingine la kutupeleka kazini. Langu ni sedani ya kawaida, ya miaka 14, haigeuziwi shingo na mtu, na faili lake la sevisi ni nene. Nimekaa nalo miaka 6. Katika miaka hiyo fungu jingine limekua taratibu, na sasa naitafuta tena ile sedani kubwa ya silinda 6, safari hii yenye springi za chuma.