Masomo ya mtandaoni: kazi za darasa anabaki nazo nani?

Shule ikiamua kuhamishia masomo yake mtandaoni, maswali ya kwanza ninayoulizwa huwa ya vifaa. Tununue vishikwambi au kompyuta mpakato? Tuchukue mfumo gani? Intaneti iwe ya kasi gani? Kazi yangu ni kubuni masomo ya mtandaoni na kuwanoa walimu wanaoyafundisha, kwa hiyo maswali hayo nayajibu, lakini kwanza huuliza langu: zile kazi ambazo darasa lilikuwa linazifanya bila mtu kuziona, sasa atazifanya nani?

Nazo ni nyingi. Kengele humpangia mwanafunzi muda wake. Kukaa pamoja na wenzake humfanya aanze kazi hata siku ambayo hana hamu nayo. Mwalimu akipita kati ya madawati huona daftari tupu, huona aliyekunja uso, huona anayechungulia kwa jirani, na kabla kipindi hakijaisha ameshabadilisha mfano wake. Hakuna anayeandika mambo haya kwenye andalio la somo. Ukiondoa darasa, kazi zenyewe haziondoki. Zinamwangukia mwanafunzi, mzazi au mwalimu, na mara nyingi hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa. Karibu kila athari ya masomo ya mtandaoni niliyoiona, ya heri au ya shari, chanzo chake kiko hapo.

Mwaka 2020 dunia nzima ilijaribishwa bila kupenda. UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliofungiwa shule wakati janga la korona lilipopamba moto, na mwishoni mwa mwaka huo UNICEF na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walitoa hesabu kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 17 duniani hawakuwa na intaneti nyumbani. Ni rahisi kusoma takwimu hizo na kuhitimisha kwamba tatizo ni mtandao: sambaza intaneti, elimu itafuata. Ndiyo maana mimi hupenda kuwapeleka watu Uholanzi, nchi ambayo karibu kila nyumba ina intaneti ya kasi. Shule za msingi huko zilifungwa kwa wiki kama nane tu. Kwa bahati, mitihani ya taifa ilikuwa imefanyika muda mfupi kabla ya kufungwa, ikafanyika tena baada ya kufunguliwa, hivyo watafiti Engzell, Frey na Verhagen waliweza kulinganisha maendeleo ya wanafunzi wa mwaka huo na ya wenzao wa miaka iliyotangulia. Walichokikuta, kilichochapishwa 2021, ni kwamba wanafunzi walikuwa nyuma kwa kiasi cha moja ya tano ya mwaka wa masomo, yaani karibu sawasawa na muda ambao shule zilifungwa. Kwa maneno mengine, wakiwa nyumbani na vifaa vyao, wengi hawakusonga mbele. Na kwa watoto wa wazazi wasio na elimu kubwa, hasara ilifika hadi asilimia 60 zaidi.

Kwa haki, ile ilikuwa dharura. Mwalimu aliyeambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu anafundisha kwa kamera hakupewa nafasi ya kubuni chochote, na si sawa kuupima ujifunzaji wa mtandaoni kwa kipimo hicho peke yake. Hata hivyo, ile tofauti kati ya familia na familia inatuambia jambo. Mtandao walikuwa nao karibu wote. Kilichopungua katika nyumba nyingine ni mtu wa kusema "leta nione umefanya nini".

Sasa weka kando ya hayo jaribio la Botswana la kipindi hichohicho. Familia kadhaa zilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Nyingine zilitumiwa ujumbe uleule, na juu yake zikapigiwa simu ya dakika kama 15 hadi 20 ya kupitia maswali pamoja na mtoto na mzazi. Ujumbe peke yake haukuleta badiliko la kueleweka. Ujumbe pamoja na simu ulipandisha kiwango cha hesabu cha watoto. Hapakuwa na video wala jukwaa la gharama kubwa, kulikuwa na simu ya kawaida na binadamu upande wa pili anayesubiri jibu.

Nikija kwa mwanafunzi mwenyewe, mtego mkubwa kuliko yote ni kuona kwamba ameelewa kumbe hajaelewa. Video nzuri ni tamu kutazama. Maelezo yanateleza, michoro inacheza, mtu anaitikia kwa kichwa. Akiifunga na kupewa karatasi tupu, hana la kuandika. Roediger na Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006 kwa matini ya kawaida tu. Kundi moja la wanafunzi lilisoma matini mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa juu, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojijaribu 61. Darasani mwalimu humlazimisha mwanafunzi kukumbuka kwa kumnyooshea kidole tu. Mtandaoni hakuna kidole, hivyo lazima swali lijengwe ndani ya somo lenyewe.

Na swali lenyewe lina namna yake. Chukua 1/2 + 1/3, na majibu manne ya kuchagua: 5/6, 2/5, 2/6 na 1/5. Anayechagua 2/5 hakubahatisha. Amejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini), kosa ambalo mwalimu yeyote wa hesabu analifahamu. Anayechagua 2/6 yuko karibu zaidi: ameshajua asili ya pamoja ni 6, ila amesahau kuvigeuza viasi. Mfumo uliotengenezwa kivivu unawaambia wote wawili "Si sahihi, jaribu tena", nao wanaendelea kubofya mpaka rangi ya kijani itokee. Kwa majibu manne, hata asiyejua lolote ataifikia, na ripoti itaandika kwamba zoezi limekamilika. Mimi aliyechagua 2/5 humuuliza swali jingine: kati ya 1/2 na 2/5, ipi ni kubwa? Akiona kwamba ameanza na nusu, ameongeza kitu, na amepata pungufu ya nusu, wengi hushtuka na kurudi wenyewe kutafuta walipokosea. Wa 2/6 huonyeshwa nusu iliyogawanywa vipande vya moja ya sita, kisha huombwa avihesabu. Kuandaa swali moja la hivi kunakula muda kuliko kurekodi video nzima, ndiyo maana majukwaa mengi yana video mia na maswali ya hovyo.

Kuhusu urefu wa video, kuna uchambuzi wa mwaka 2014 wa karibu mara milioni saba ambazo watu walitazama video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Kuvumilia kwao kwa kawaida hakukuvuka dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani. Anayerekodi kipindi kizima cha darasani na kukipandisha kama kilivyo ajue anajirekodia mwenyewe.

Programu zinazojirekebisha kulingana na kiwango cha mwanafunzi ndizo zenye ahadi ya kweli. Mjini Delhi, watafiti Muralidharan, Singh na Ganimian waliwafuatilia wanafunzi waliotumia programu ya Mindspark kwa miezi minne na nusu, na waliwapita wenzao katika hisabati na Kihindi, hasa kwa sababu programu ilimkuta kila mmoja pale alipo, na wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Hilo mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kulifanya kwa mikono. Wauzaji wakinukuu utafiti huu huwa wanaruka sehemu moja: watoto walikuwa wanakwenda kituoni baada ya shule, na kila baada ya muda wa kompyuta walikaa na msaidizi wa kufundisha katika kikundi kidogo. Linganisha na kozi huria za mtandaoni za MIT na Harvard, vyuo vikuu vya Marekani, ambako mtu hujiandikisha bure akaachwa na nafsi yake. Mwaka wa masomo wa 2017–18, katika kila 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa kama 3.

Sitaki nionekane mpinzani wa chombo ninachokula nacho. Kuna wanafunzi ambao mtandao umewafungulia mlango uliokuwa umefungwa kabisa: mgonjwa anayelala hospitalini miezi, mtu mzima anayesoma akitoka kazini, asiyesikia vizuri anayehitaji maandishi chini ya video, na yule mwenye haya ambaye darasani hanyooshi mkono mwaka mzima lakini kwenye kisanduku cha gumzo anaandika maswali makali kuliko ya wote. Kuweza kusimamisha mwalimu na kumrudisha nyuma bila kuchekwa ni jambo kubwa kuliko tunavyolisifu.

Kwa mwalimu, athari inayolalamikiwa zaidi ni uchovu, na si uvivu wala kuogopa teknolojia. Anauliza "Mmeelewa?" mbele ya skrini yenye majina na visanduku vyeusi. Kimya. Darasani kimya kina maana zake na anazijua, hapa hajui kama wameelewa, wamelala au mtandao umekatika. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 2021 kwa nini mikutano ya video inachosha: nyuso zilizo karibu mno, kujitazama mwenyewe muda wote, kutosogea, na akili kufanya kazi ya ziada kutafuta ishara ambazo kwa kawaida mwili huzitoa wenyewe. Ongeza hapo jumbe za wanafunzi na wazazi saa nne usiku. Ninachowashauri walimu ni kuacha kabisa kuuliza "Mmeelewa?" na badala yake kutoa swali moja ambalo kila mmoja anaandika jibu lake, anasubiri, kisha wote wanatuma kwa pamoja mwalimu akihesabu tatu. Kwa nusu dakika anajua nani yuko wapi, na hakuna wa kunakili kwa mwenzake. Saa za kujibu jumbe ziandikwe na shule, asiachiwe mwalimu kuzipigania peke yake.

Usahihishaji wa kompyuta unampunguzia mzigo, hilo ni kweli. Lakini nimeona namna unavyovuta ufundishaji taratibu: insha zinapungua, majaribio ya maabara yanakuwa picha ya kubofya, hoja za mdomo zinatoweka, kwa sababu mfumo hauwezi kuzipa alama. Baada ya muhula au miwili mtaala ni uleule kwenye karatasi, ila kinachofundishwa ni kile kinachoweza kusahihishwa chenyewe. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo.

Shule nazo hupenda vitu vinavyoonekana. Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo chini ya mpango wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto), na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliotolewa 2012 ulifuatilia shule za msingi 319 kwa miezi 15. Kompyuta zilifika na zilitumika, lakini alama za hesabu na lugha hazikupanda, maana namna ya kufundisha haikubadilika. Bajeti ya kununua huwa inapatikana, wafadhili wanaipenda, kuna picha za kupiga. Bajeti ya kutengeneza chaja, kubadilisha betri na kumlipa mwalimu kwa saa za kuandaa maswali haina picha.

Halafu kuna ripoti. Mifumo hii hutoa chati za kupendeza, na mkuu wa shule akiona mahudhurio ya asilimia 98 anatulia. Ukichimba, "mahudhurio" ni kuweka nenosiri. Mimi nikikaribishwa kukagua mfumo wa shule naomba vitu vitatu tu: orodha ya wanafunzi waliojibu swali vibaya kisha wakalijibu vizuri siku nyingine, muda kati ya mwanafunzi kukwama na mwalimu kumjibu, na majina ya waliokaa wiki nzima bila kuwasilisha kazi pamoja na jina la mtu aliyewapigia simu. Mifumo mingi inaweza kutoa cha kwanza na cha pili ikiombwa. Cha tatu huwa hakipo, kwa kuwa hakuna aliyekabidhiwa kazi hiyo, na hapo ndipo ninapoanzia na mkuu wa shule kabla hatujazungumza habari za kununua chochote.