Kuvu ukutani katika nyumba za zamani za Nairobi: maswali na majibu

Tunakaa Ngara, nyumba ya mawe ya enzi za mkoloni. Kila Julai ukuta wa chumba cha kulala huota madoa meusi. Ndiyo yanayomkohoza mtoto?

Huenda ndiyo. Kuvu hurusha vijimbegu visivyoonekana. Ukivivuta unaweza kupiga chafya, kuwashwa macho na kukohoa, na mwenye pumu akabanwa kifua. Wachanga, wazee na wenye kinga iliyoshuka ndio wa kuangaliwa kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 haukutaja kiwango chochote cha kuvu kilicho salama, kwa hiyo usitumie pesa kupima ni ya aina gani. Ukiiona, iondoe, kisha uzuie maji yanayoiotesha. Mtoto akikohoa mfululizo au akihema kwa shida, mpeleke kliniki.

Nitajuaje maji yanatoka wapi?

Hapa ndipo penye kazi. Doa likianzia sakafuni, likapanda kama mita moja na kuacha chumvi nyeupe inayopukutika, maji yanatoka ardhini. Likiwa juu na kupanuka mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, kagua paa na mifereji yake. Lakini madoa yakiwa kwenye pembe na nyuma ya kabati, na vioo vinatoka jasho asubuhi, huo ni mvuke wenu wenyewe: mapishi, nguo zilizoanikwa ndani, pumzi za watu waliolala madirisha yamefungwa.

Bado una shaka? Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha foili, ziba kingo zote kwa selotepu, ungoje siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke. Yakiwa nyuma ya foili, yametoka ukutani. Kile kipimo cha unyevu chenye sindano mbili anachokuja nacho fundi kilitengenezewa mbao, na chumvi ya ukuta hukidanganya.

Fundi anataka kupiga plasta ya saruji, kisha rangi ya mafuta.

Mkatalie. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hukauka kwa kupumua. Ukiuziba, maji hubaki ndani na kuvu hutokeza kwingine. Rekebisha mfereji unaovuja, ondoa udongo uliorundikana nje ya ukuta, uache ukauke, ndipo upake chokaa.

Kuvu yenyewe naisafishaje?

Maji ya sabuni, barakoa, glavu, dirisha wazi, mtoto awe nje. Usiikwangue ikiwa kavu.

Nikikausha chumba kwa jiko la makaa?

Hapana. Kaboni monoksaidi haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Fungua madirisha mchana, hata kama Julai inauma.