Damu Chooni Baada ya Mionzi: Usiiite Bawasiri Kabla Hujapimwa

Kwa nini mionzi ya nyonga husumbua tumbo?
Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi au ya tezi dume huugusa utumbo na puru (sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na njia ya haja kubwa), na utando wa ndani huchubuka. Wengi huanza kuharisha wiki ya pili au ya tatu ya matibabu, kisha hali hutulia wiki chache baada ya kumaliza.

Nikiharisha, nipunguze kunywa maji?
Hapana. Kunywa zaidi, pamoja na ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Kula kidogo kidogo mara nyingi: uji wa mchele, wali laini, ndizi mbivu, viazi. Maharage, kabeji, pilipili na pombe viweke kando kwa muda, na maziwa pia yakikusumbua. Usikatishe mionzi kimyakimya. Mwambie daktari, dawa za kutuliza zipo.

Nilimaliza mionzi mwaka jana, sasa naona damu kwenye choo. Si bawasiri tu?
Hilo huwezi kulijua kwa kuangalia damu. Puru iliyopigwa mionzi inaweza kuanza kutoa damu miezi au miaka baadaye, kwa sababu mishipa yake midogo imekuwa dhaifu. Inaweza kuwa bawasiri kweli. Inaweza kuwa saratani. Nenda ukapimwe.

Lakini ni damu kidogo, na haiumi.
Nenda ukapimwe. Kidogo cha kila siku ndicho kinachotuletea mama aliyepauka, anahema akipanda ngazi, na ukimuuliza anasema ilianza "zamani kidogo".

Jirani ana dawa ya mizizi ya kupitisha njia ya haja kubwa, inasafisha mionzi.
Tafadhali, acheni hili. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, hakuna cha kusafisha. Kinachobaki ni puru yenye ngozi dhaifu, na dawa hiyo huiunguza. Nenda ukapimwe, bila kupita kwa jirani.

Nikifika hospitali niseme nini?
Kabla ya yote sema: "Nilipigwa mionzi." Wengi hutibiwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au ya Bugando, Mwanza, kisha hurudi vijijini ambako hakuna anayejua historia yao. Nenda na kadi yako. Daktari asiyejua anaweza kukata kinyama cha kupima kwenye ukuta wa puru uliopigwa mionzi, kidonda kikakataa kupona hata tundu likafunguka. Mgonjwa anayeficha mionzi kwa aibu ya saratani anajiweka hatarini mwenyewe.

Ni lini nisisubiri kliniki?
Damu nyingi au mabonge, kizunguzungu, homa, tumbo kuvimba na kutapika huku hupati choo wala ushuzi, au kinyesi kupitia ukeni. Ukiona mojawapo, nenda leo, hata kama ni usiku.