Jua la Seoul halikuwa kupiga magoti

Kinyozini Kawangware, mzee mmoja alisisitiza kwamba Rais Kim Dae-jung wa Korea Kusini aliibembeleza tu Kaskazini. Wengi husema hivyo. Sivyo. Kanuni ya kwanza ya Sera yake ya Mwanga wa Jua ya 1998, yaani sera ya kuijongelea Kaskazini kwa mazungumzo na ushirikiano, ilikuwa kutovumilia uchokozi wa silaha. Juni 1999, boti za Kaskazini zilipovuka mstari wa mpaka wa baharini ambao serikali yao haiutambui, karibu na kisiwa cha Yeonpyeong, wanamaji wa Kusini walizamisha moja. Mlango haukufungwa: Juni 2000 Kim Dae-jung alitua Pyongyang, mji mkuu wa Kaskazini, kukutana na kiongozi wake, Kim Jong-il. Doa lipo, na mzee angeligusa hilo ningenyamaza: mamia ya mamilioni ya dola yalitumwa Kaskazini kisirisiri kabla ya mkutano huo.