WhatsApp inagoma kwenye kompyuta ya kuunganisha? Anza na saa, usianze na kufuta programu

Laptopu ya kiwandani huja na mambo mengi yaliyokwishafanywa: antena za Wi-Fi zimelazwa pembeni mwa skrini, maiki na kamera zipo, draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia kila kifaa) zimeshawekwa. Kompyuta ya kuunganisha, ile inayokusanywa kipande kwa kipande, haina bahati hiyo. Kila ambacho kiwanda kingekimaliza kimyakimya kinabaki mikononi mwako au mwa fundi wako, na kikisahauliwa hakipigi kelele chenyewe. Kinajitokeza kwenye WhatsApp, kwa sababu hiyo ndiyo programu inayohitaji mtandao, saa, maiki, kamera na diski vyote viwe sawa kwa wakati mmoja. Mtu anaifuta na kuiweka upya mara tatu, kumbe shida iko kwenye betri ya ukubwa wa sarafu.

Kabla ya kugusa chochote, fungua web.whatsapp.com kwenye Chrome au Edge. Ikifunguka huko na meseji zikaingia, lakini programu iliyo kwenye Windows inazunguka tu, basi mtandao na saa ni vizima. Mtafute mchawi ndani ya Windows. Zikigoma zote mbili, chukua simu, zima data, iunge kwenye Wi-Fi ileile na ujaribu kutuma meseji. Usipozima data simu itakudanganya. Simu ikituma, kompyuta ndiyo mgonjwa. Isipotuma, mpigie anayekuuzia intaneti na uache kompyuta ipumzike.

Saa

Kwenye kila mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kuna betri ya CR2032, volti 3, inayotunza saa umeme usipokuwepo. Kompyuta iliyozimwa lakini bado imechomekwa hupata umeme kidogo kutoka kwenye pawasaplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta), kwa hiyo betri inapumzika. Lakini sisi tumezoea kuzima swichi ya ukutani tukimaliza kazi, na umeme nao hukatika utakavyo. Hapo betri inabeba mzigo peke yake kila usiku, na ikichoka, asubuhi kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka 2019 au mwaka wowote BIOS yake, programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, ilipotengenezwa.

WhatsApp haiwezi kuvumilia hilo. Seva inapojitambulisha hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inakilinganisha na saa yake. Kwa kompyuta iliyoko 2019, cheti cha mwaka huu bado hakijazaliwa, hivyo inakata mawasiliano. Kivinjari angalau kitakuambia waziwazi, kwa maneno ERR_CERT_DATE_INVALID. Programu ya WhatsApp mara nyingi itabaki inazunguka bila kusema neno.

Kubadilisha betri ni kazi ya dakika tano. Zima ukutani, chomoa waya wa umeme, fungua kesi, yaani kasha la kompyuta. Betri mara nyingi imejificha chini ya kadi ya grafiki, kwa hiyo huenda ukaitoa kadi kwanza. Sukuma kishikizo pembeni kwa ukucha au bisibisi nyembamba, betri itaruka yenyewe. Ukiwa na multimita, betri mpya inasoma zaidi kidogo ya volti 3. Iliyoshuka chini ya 2.8 itupe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu, kisha washa na uingie BIOS kwa Del au F2. Rekebisha tarehe, halafu kagua mpangilio wa diski ya kuanzia na kasi ya RAM, maana BIOS huenda imesahau kila ulichowahi kuiambia.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanafungua Windows wakitegemea saa itajirekebisha kutoka mtandaoni. Kwenye kompyuta ya nyumbani, Windows kwa kawaida hukataa kurekebisha saa iliyopotea kwa zaidi ya saa 15. Ikiona tofauti ya miaka inajua kuna kitu hakipo sawa, na inaacha. Kwa hiyo nenda Settings, Time & language, Date & time, zima Set time automatically, andika tarehe na saa kwa mkono, kisha iwashe tena na ubonyeze Sync now. Kumbuka kompyuta haijui saa za Kiswahili: saa mbili usiku ni 20:00. Ukanda wa saa kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni (UTC+03:00) Nairobi, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Walioko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi wako UTC+02:00, na wakiuacha ukanda ukiwa wa Nairobi kisha wakasogeza saa kwa mkono ili ilingane na ya ukutani, wanaivuruga palepale.

Kama una Windows na Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta) kwenye mashine moja na saa inapotea kwa saa tatu kamili kila ukihama, betri haina kosa. Linux huweka saa ya mazabodi kwa UTC, Windows huiweka kwa saa ya mahali ulipo, basi wanavutana. Ingia Linux, andika `timedatectl set-local-rtc 1` kwenye terminali, ugomvi utaisha. Linux yenyewe itakulalamikia kuhusu mpangilio huo. Kwa matumizi ya nyumbani hauna madhara makubwa.

Mtandao

Mazabodi zenye Wi-Fi huja na antena ndani ya boksi, na antena hizo hubaki ndani ya boksi. Angalia nyuma ya kompyuta: ukiona vinundu viwili vya dhahabu vyenye nyuzi, vikiwa uchi, umeshapata jibu. Bila antena, Wi-Fi inaonekana kama ipo, inashika ruta iliyo chumba kilekile, hata ukurasa mwepesi unafunguka. Lakini WhatsApp ya kompyuta hushikilia laini moja iliyo wazi muda wote, na laini hiyo ikikatika kila baada ya sekunde kadhaa, unaiona kila mara inatafuta muunganisho upya. Funga antena zote mbili kwa vidole, usitumie koleo. Moja isimame, nyingine ilale kidogo.

Anayetumia Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB naye asiichomeke nyuma ya kesi ya chuma, jirani na tundu la USB la bluu lenye diski ya nje. USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi. Waya wa kurefusha USB wa mita moja, kifaa kikakaa juu ya meza, unatatua mambo kuliko draiva yoyote. Na kama ulinunua kadi ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye nafasi ya PCIe (mpenyo wa kadi kwenye mazabodi) na blutuuthi haionekani kabisa, kuna waya mwembamba uliokuja na kadi ambao hukuuchomeka. Blutuuthi ya kadi hizo hupitia USB, kwa hiyo waya huo lazima ufike kwenye pini za USB 2.0 chini ya mazabodi.

Tatizo jingine la mashine mpya: umeweka Windows, na hakuna mtandao wowote, wa waya wala wa hewani. Mazabodi za karibuni zina chipu za mtandao ambazo Windows haina draiva zake ndani. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering (kugawa intaneti ya simu kwa waya), Windows itaitambua mara nyingi bila draiva ya ziada. Tumia MB chache za bando kupakua draiva kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi. Usipakue zile programu zinazodai kutafuta draiva zote. Nyingi ni takataka.

Windows iliyopunguzwa

Kompyuta nyingi za kuunganisha hupewa Windows iliyokatwakatwa ili iwe nyepesi: Store imeondolewa, Edge imeng'olewa, masasisho yamezimwa. Nia ni njema, ila tangu mwishoni mwa 2025 WhatsApp ya Windows ni ukurasa wa wavuti uliovalishwa dirisha, na kinachouendesha ni WebView2, ndugu wa damu wa Edge. Aliyeng'oa Edge kwa nguvu mara nyingi aling'oa na hiyo. Dalili yake ni dirisha jeupe, au programu inayofunguka na kufunga papo hapo. Kwenye orodha ya programu tafuta Microsoft Edge WebView2 Runtime. Kama haipo, ipakue kwenye tovuti ya Microsoft. Kwa intaneti ya kusuasua chukua faili kamili la Standalone x64, siyo lile dogo linaloendelea kupakua ndani kwa ndani.

WebView2 ikiwepo na bado hali ni ileile, nenda Settings, Apps, Installed apps, bonyeza nukta tatu za WhatsApp, kisha Advanced options. Jaribu Repair kwanza, maana haigusi data. Reset inafuta kila kitu cha programu, na itabidi uunge simu upya. Dirisha likiwa jeusi badala ya jeupe, mtuhumiwa ni draiva ya kadi ya grafiki: fungua Device Manager, na ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, draiva haijawekwa kabisa.

Kwa mashine ya RAM GB 4, ushauri wangu ni kutohangaika na programu. Tumia kivinjari, ambacho pengine kimeshafunguliwa tayari, badala ya kulisha injini mbili za aina moja.

Maiki, spika na kamera

Usijaribu maiki kwa kumpigia mtu. Fungua Sound Recorder ya Windows ujirekodi sekunde kumi. Kama hata yenyewe haikusikii, WhatsApp haina hatia.

Tundu za mbele ya kesi hutegemea waya mmoja wenye plagi ya matundu tisa, ulioandikwa HD AUDIO. Kwenye mazabodi pini zake huwa chini kushoto, karibu na chipu ya sauti, na kila kampuni ina jina lake: Asus huandika AAFP, Gigabyte F_AUDIO, MSI JAUD1. Plagi ya USB 2.0 inafanana nayo kwa ukubwa. Tofauti ni pini inayokosekana: ya sauti inakosekana karibu na mwisho lakini siyo mwisho wenyewe, ya USB inakosekana pembeni kabisa. Ikigoma kuingia, usilazimishe. Pini iliyopinda utainyoosha mara moja. Mara ya pili itakatika. Kesi za zamani zina plagi mbili kwenye waya mmoja, HD AUDIO na AC'97. Hiyo ya pili iache ining'inie.

Halafu kuna hedifoni za simu. Tazama jeki yake: mistari mitatu meusi maana yake sauti na maiki viko kwenye jeki moja. Tundu la waridi nyuma ya kompyuta linategemea jeki ya mistari miwili, maiki peke yake. Ukichomeka ya simu hapo maiki haitasikika, na ukiihamishia tundu la kijani utasikia wewe tu, mwenzako hakusikii. Dawa ni kigawanyo kidogo chenye ncha mbili, ya kijani na ya waridi, au hedifoni ya USB.

Simu inaita kwenye skrini lakini huisikii? Skrini iliyounganishwa kwa HDMI hujitambulisha kama spika hata kama haina spika, na Windows hupeleka sauti huko. Bonyeza alama ya spika pembeni mwa saa uchague kifaa sahihi. Kisha pitia Privacy & security, Microphone na Camera, uhakikishe ruhusa zimewashwa, pamoja na ile ya desktop apps iliyo chini ya ukurasa. Kamera ikionyesha picha kwenye programu ya Camera lakini siyo WhatsApp, funga Zoom au OBS (programu ya kurekodi video), huenda mojawapo ndiyo imeishika.

Diski na RAM

WhatsApp ya kompyuta huhifadhi meseji na funguo za usimbaji ndani ya diski. SSD ya GB 120 ikijaa, haina pa kuandika, na inaanza kukutoa nje na kudai uskani QR kila siku. Acha angalau GB 10 wazi kwenye C.

Hali ngumu zaidi ni programu inayojifunga ovyo huku vichupo vya Chrome navyo vikianguka. Hapo nashuku RAM iliyowashiwa XMP (mpangilio wa kuikimbiza RAM kwa kasi ya juu), hasa vipande viwili vilivyonunuliwa siku tofauti. Zima XMP kwenye BIOS utumie siku mbili. Ikitulia, umepata, isipotulia, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha kutoka kwenye flashi.

Mambo ambayo si hitilafu

Simu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, WhatsApp hutoa vifaa vyote vilivyounganishwa. Na zaidi ya simu yenyewe unaruhusiwa vifaa vinne tu, kwa hiyo ile kompyuta ya ofisi uliyoiacha imefunguliwa inakula nafasi yako. Ujumbe wa "inasubiri ujumbe huu" kwenye kompyuta maana yake funguo za ujumbe huo hazijafika. Fungua WhatsApp kwenye simu yako, mwombe na aliyetuma afungue yake, usubiri dakika chache. Kamera ya simu ikishindwa kusoma QR, chagua kuunganisha kwa namba ya simu, kompyuta itakupa herufi na tarakimu nane za kuandika kwenye simu. Herufi hizo usimsomee mtu yeyote anayekupigia, hata akisema ni fundi wa WhatsApp, kwa sababu atakuwa anataka uiunge kompyuta yake.