Maana ya Mzizi wa Neno katika Istilahi za Sayansi

Mzizi ni sehemu ya neno inayobaki ikibeba maana ya msingi baada ya viambishi kuondolewa. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili si geni, kwani mzizi -som- ndio uliotuzalia soma, msomaji, msomi na masomo. Kiingereza cha sayansi nacho hujengwa kwa mizizi, lakini mingi ni ya kukopa kutoka Kigiriki na Kilatini, kwa kuwa wasomi wa Ulaya waliandika kwa Kilatini kwa karne nyingi na wakazoea kuchota humo majina ya vitu vipya.

Mwanafunzi wa Uganda, ambaye nyumbani huzungumza Kiganda, Kilugbara au Kiswahili na darasani akafundishwa biolojia kwa Kiingereza, mara nyingi huyakariri maneno haya kama namba za simu. Naona ni hasara kubwa. Tuchukue “Trypanosoma”, kimelea anayesababisha malale, ugonjwa ulioua zaidi ya watu 200,000 Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao mwaka 1903, huko Entebbe, daktari David Bruce na wenzake waliuhusisha na kuumwa na mbung'o. Jina lenyewe lilikuwapo tangu mwaka 1843, pale daktari Gruby alipotazama damu ya chura kwa hadubini mjini Paris akaona kijidudu kikijisokota kwenda mbele. Kwa Kigiriki “trypanon” ni kekee, ile ya fundi seremala ya kutobolea mbao, na “soma” ni mwili, wala haina undugu na soma yetu. Ukishajua kwamba kimelea huyu ni mwili wenye mwendo wa kekee, huhitaji tena kukariri.

Mizizi mingine hufanya kazi kwa makundi. Kiambishi “-itis” katika tiba ni mchochota, yaani kiungo kuvimba na kuuma. “Hepar” ni ini na “nephros” ni figo, kwa hiyo anayeijua “hepatitis” ataikisia “nephritis” hata kama hajawahi kuisikia.

Hata hivyo, mzizi si fasili. Hueleza mtungaji wa neno alifikiri nini siku ile, na pengine alikosea. “Hippopotamus” ni farasi wa mto, ilhali kiboko tunayemwona Mto Nile ana undugu wa karibu zaidi na nyangumi kuliko farasi. “Oxygen” maana yake ni kizaa-asidi, kwa sababu mwanakemia Lavoisier, aliyelitunga jina hilo, aliamini kwamba kila asidi ina oksijeni ndani yake. Mwaka 1810 mwanakemia Humphry Davy alionyesha kwamba asidi ya hidrokloriki, ambayo ndiyo iliyomo tumboni mwetu, haina oksijeni hata kidogo, lakini kufikia hapo jina lilikwisha kuenea na halikubadilishwa.