Je, wajua kwa nini stempu ina meno pembeni? Ni kazi ya wakili mmoja wa Ireland

Nikiwa darasa la tano babu alinigawia bahasha zake za zamani, nyingi zilitoka kwa ndugu zake wa Unguja na Muscat, nikakaa na beseni la maji nikabandua stempu moja moja mpaka zikaisha, alafu nikachukua mkasi nikakata yale meno ya pembeni yote ili zikae sawa kwenye daftari. Roho inaniuma mpaka leo. Nilikuja kujua ukubwani kwamba stempu iliyokatwa meno wakusanyaji hawaitaki kabisa, hata picha yake iwe safi namna gani, na ndo hapo nikaanza kutafuta hayo meno yalitoka wapi.

Kwanza mwanzoni hayakuwepo. Stempu ya kwanza duniani ya kubandika kwenye barua ni ya Uingereza, ile nyeusi yenye kichwa cha Malkia Victoria inaitwa Penny Black, bei yake peni moja, ilianza kutumika rasmi tarehe 6 Mei 1840. Shiti moja, yaani karatasi nzima iliyochapwa stempu, ilikuwa na stempu 240, mistari 20 na kila mstari stempu 12, na kwa kuwa enzi hizo paundi moja ilikuwa na peni 240, basi shiti nzima bei yake ni paundi 1 kamili, hesabu rahisi kabisa. Ila karatasi yenyewe ilikuwa nzima, hakuna tundu hata moja. Karani wa posta anakuja mteja anataka stempu tatu, anachukua mkasi anakata. Anakuja mwingine anataka tano, anakata tena. Mfanyabiashara akinunua shiti nzima na yeye huko ofisini kwake anakaa anakata. Na nafasi kati ya stempu na stempu ilikuwa ndogo mno, mkono ukiteleza kidogo tu umekula picha ya jirani, ndo maana mpaka leo Penny Black iliyobaki na ukingo mweupe pande zote nne bei yake iko juu kuliko iliyokatwa hovyo.

Hali hiyo iliendelea miaka na miaka. Sasa hapa ndo anaingia Henry Archer.

Huyu bwana alizaliwa Ireland mwaka 1799, baba yake alikuwa mwenye ardhi, yeye akasomea sheria akawa wakili. Hakuwa fundi wala hakufanya kazi posta, na hilo ndo linanivutia kwake, maana alikuwa mtu wa kuona kazi inayosumbua watu kila siku alafu hawezi kulala mpaka ipatiwe dawa. Kabla ya stempu alishafanya jambo lingine kubwa. Kule kaskazini mwa Wales, milimani Ffestiniog, kulikuwa na machimbo ya mawe bapa ya kuezekea nyumba, na kuyafikisha baharini ilikuwa mateso, yanapakiwa kwenye wanyama na mikokoteni, yanahamishiwa kwenye vimashua vya mtoni, ndo yafike kwenye meli. Archer akapigania ijengwe reli, sheria ya bunge ikapita 1832, hela akaenda kutafuta kwao Dublin, na mwaka 1836 reli ikafunguliwa na yeye ndo alikuwa mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza. Haikuwa na injini. Ilijengwa kwa mteremko mpole kuelekea bandarini, mabehewa yaliyojaa mawe yanashuka yenyewe kwa uzito wake, farasi nao wanapanda kwenye behewa lao wanashuka wakila majani, wakifika chini ndo wanayavuta matupu kurudi juu. Reli hiyo ipo mpaka leo, watalii wanaipanda.

Turudi kwenye stempu. Kuna hadithi wanasimulia kwamba wazo lilianzia kwenye baa moja London, eti mwandishi wa habari alikosa mkasi akatoa pini kwenye koti akatoboatoboa kuzunguka stempu akaichana vizuri, Archer akiangalia. Ni hadithi tamu ila haina ushahidi, mimi siitegemei. Kinachojulikana ni kwamba Oktoba 1847 Archer aliipelekea posta ya Uingereza pendekezo la mashine ya kutenganisha stempu bila mkasi.

Mashine zake za mwanzo hazikutoboa matundu. Zilikuwa na visu vidogo vidogo vya kuchanja mikato mifupi kati ya stempu na stempu, karatasi inabaki imeshikana kidogo kidogo. Zikajaribiwa, zikafeli, visu vikawa vinaharibu mpaka meza ya mashine yenyewe. Mtu mwingine angerudi kwenye kesi zake mahakamani. Yeye akabadilisha wazo lote, badala ya kuchanja akaamua kutoboa, safu ya pini inashuka juu ya sahani yenye matundu yanayolingana na hizo pini, kila pini inang'oa kiduara cha karatasi kinaanguka. Na mpangilio wa pini ulikuwa kama kitana, yaani pigo moja linatoboa juu ya mstari mzima wa stempu pamoja na pande zake, shiti inasogea, pigo lingine. Faida yake ni kwamba kona za stempu zinatoka safi, tofauti na mashine zinazotoboa mstari mmoja wa kwenda alafu mwingine wa kukatiza, pale mistari inapokutana matundu yanagongana kona inatoka vibaya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini matundu yafanye kazi vizuri hivyo. Ni hivi, ukivuta karatasi nzima nguvu inasambaa, inachanika popote inapotaka. Ukishatoboa mstari, kilichobaki ni vidaraja vidogo vya karatasi kati ya tundu na tundu, na nguvu yako yote inaenda kubebwa na hivyo vidaraja tu, kimoja kikikatika mzigo unakiangukia kinachofuata, basi mchano unafuata mstari mpaka mwisho. Meno unayoyaona kwenye stempu ni nusu ya hivyo vidaraja, nusu nyingine imebaki kwa jirani yake.

Mwaka 1850 stempu za majaribio zilizotobolewa na mashine ya Archer zikaanza kutumika, na baadhi ziliuzwa kwenye posta ya bungeni kwa wabunge wenyewe. Hizo leo zinasakwa sana, na za kughushi zimejaa pia. Kazi ikawa malipo. Serikali ilimpa ofa ndogo isiyofanana na gharama alizoingia, Archer akakataa, suala likafika kwenye kamati ya bunge mwaka 1852, na mwaka 1853 wakamlipa paundi 4,000 kwa mashine na haki zake zote. Kwa hesabu ya stempu za peni moja hizo ni shiti 4,000, sawa na stempu 960,000. Miaka karibia sita ya kuhangaika, na mimi naona alistahili kila peni.

Januari 1854 ndo stempu zenye matundu zikaanza kuuzwa kwa umma wote, enzi hizo nyeusi ilishabadilishwa kuwa nyekundu kwa sababu muhuri wa posta ulikuwa hauonekani vizuri kwenye weusi. Ila shida mbili zikajitokeza. Ya kwanza, karatasi ilikuwa inaloweshwa kabla ya kuchapwa, ikikauka inasinyaa na haisinyai sawasawa, kwa iyo matundu mara nyingi yalikuwa yanapita juu ya picha badala ya pembeni. Ya pili ni matundu yalikuwa mengi mno, 16 kwa kila sentimita mbili, vidaraja vikawa vyembamba sana shiti zikawa zinaachana zenyewe zikishikwashikwa. Mwaka 1855 wakapunguza yakawa 14, hapo ikatulia, na kipimo hicho kikaja kutumika kwenye stempu nyingi za makoloni ya Uingereza ikiwemo huku kwetu.

Na hapo ndo wakusanyaji wanapochachamaa. Daktari mmoja wa Paris, Jacques Amable Legrand, alitengeneza kipimo cha kuhesabu matundu ndani ya sentimita mbili mwaka 1866, na kadi za namna hiyo zinatumika mpaka leo. Stempu mbili zinaweza kuwa na picha moja, rangi moja, bei moja ya posta, ila hii ina 14 na ile ina 16, na kwenye mnada zinaitwa vitu viwili tofauti kabisa. Ukikata meno umefuta huo ushahidi wote.

Archer alifariki Ufaransa mwaka 1863. Stempu za siku hizi nyingi ni za kubandua kama stika, hazihitaji kuchanwa kabisa, na bado viwandani wanazikata ukingo wa mawimbi ili zionekane zina meno. Kama una bahasha ya zamani nyumbani chukua rula, pima sentimita mbili pembeni ya stempu na uhesabu, alafu uiloweke kwenye maji ya uvuguvugu ibanduke yenyewe. Mkasi weka mbali.